Ajuaye na Ajulikanaye: Watu Mashuhuri katika Chemsha Bongo za Televisheni

Kitenzi "kujua" kimezaa katika lugha yetu maneno mawili yaliyo ndugu wa tumbo moja, lakini tabia zao ni mbalimbali. Ajuaye ni mtu mwenye elimu ya jambo. Ajulikanaye ni mtu ambaye wengine wana habari zake, hata kama yeye mwenyewe hana habari ya jambo linaloulizwa. Michezo ya chemsha bongo ya televisheni, hasa ile inayowakalisha waigizaji na wachekeshaji mbele ya kamera, imejengwa juu ya mpaka uliopo baina ya wawili hawa. Katika makala haya tutaichambua michezo minne ya Marekani na Uingereza, nchi ambazo fani hii ilikomaa, ili tuone ni wakati gani inakuwa burudani ya halali, na ni wakati gani inageuka kuwa hadaa.

Tuanze na What's My Line?, mchezo ulioonyeshwa na shirika la CBS la Marekani tangu mwaka 1950 hadi 1967. Mwendeshaji wake alikuwa John Charles Daly, mwandishi wa habari. Jopo lilikuwa la watu wanne mashuhuri. Waliodumu sana ni mwigizaji Arlene Francis, mwandishi wa magazeti Dorothy Kilgallen, na mchapishaji wa vitabu Bennett Cerf. Mgeni aliingia, akaandika jina lake ubaoni, kisha akaketi. Jopo lilipaswa kubuni kazi anayoifanya kwa kuuliza maswali yanayojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" tu. Kila "hapana" ilimpatia mgeni dola 5, na "hapana" ya kumi ilimaliza mchezo. Kwa hiyo zawadi kubwa kabisa ilikuwa dola 50.

Tukiutazama muundo huu kwa makini, twaona kwamba daraja za kawaida zimepinduliwa. Ajulikanaye ndiye asiyejua, na asiyejulikana ndiye mwenye siri. Fundi au mchuuzi, ambaye jina lake halijapata kuandikwa gazetini, anawaweka mashuhuri wanne katika hali ya kumwomba maarifa. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mchezo huu ulilionyesha jambo hilo bila kulihubiri. Tena ulikuwa na funzo la fikra: muulizaji hodari alianza na swali pana, akaendelea kulifinya hadi akabakiwa na jambo moja. Hata pale mgeni alipokuwa nyota wa sinema au wa muziki, wanajopo walifungwa vitambaa machoni, naye akabadili sauti yake. Watazamaji walimwona, jopo halikumwona. Kicheko kilitokana na mtazamaji kujua zaidi kuliko mashuhuri.

Mchezo wa pili ni kinyume cha huo. Twenty-One ulionyeshwa na shirika la NBC kuanzia mwaka 1956, ukiwa na fedha nyingi na maswali magumu. Tarehe 5 Desemba 1956, Herb Stempel alishindwa na Charles Van Doren, mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia. Van Doren alijizolea zaidi ya dola 100,000, sifa zikaenea nchi nzima, naye akapewa kazi ya televisheni katika shirika hilo hilo. Baadaye ilidhihirika kwamba washindani walipewa majibu mapema, na wakafundishwa namna ya kusita na kujifuta jasho kana kwamba wanatafuta jibu akilini. Mchezo ulifungwa mwaka 1958. Mwaka uliofuata Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na mwaka 1960 sheria ikapitishwa kuharamisha upangaji wa matokeo ya michezo ya namna hiyo.

Kosa la Twenty-One lilikuwa nini hasa? Haitoshi kusema kwamba watu waliigiza. Mwigizaji wa tamthilia hufa jukwaani kila usiku, wala hatumwiti mwongo, maadamu sisi na yeye tumekubaliana tangu mlangoni kwamba haya ni maigizo. Hapa maigizo yalivikwa joho la mtihani. Jasho la elimu lilighushiwa. Mwananchi aliyekuwa nyumbani, akijipima na kujiona mjinga, alikuwa akijipima na kivuli. Elimu ya Van Doren ilikuwa ya kweli, na jambo hilo ndilo linalotusikitisha zaidi: ajuaye alikubali kuuza kujua kwake ili ajulikane.

Baada ya fedheha hiyo, wasanii walipewa nafasi ya namna nyingine. Katika The Hollywood Squares, ulioanza NBC mwaka 1966 chini ya mwendeshaji Peter Marshall, watu mashuhuri tisa waliketi katika vyumba vidogo tisa, vitatu vitatu, safu juu ya safu. Mshindani alichagua msanii mmoja, msanii akaulizwa swali, naye mshindani akasema kama analikubali jibu au analikataa. Akipatia, chumba kile huwa chake. Mwenye vyumba vitatu katika mstari mmoja ndiye mshindi. Kwa kawaida msanii alitoa mzaha kwanza, jibu baadaye. Mchekeshaji Paul Lynde, aliyekaa kwa miaka mingi katika chumba cha katikati, alipata sifa kubwa kwa mizaha hiyo. Watazamaji walitangaziwa kwamba wasanii huzungumziwa mapema kuhusu mada za maswali na majibu ya kupotosha.

Kwa hiyo hapa hapakuwa na hadaa ya Twenty-One. Pamoja na hayo, twaona kasoro ya kisanaa. Mshindani hakutakiwa kujua jambo. Alitakiwa kuusoma uso wa mtu na kupima kama anasema kweli. Huo ni ujuzi wenye manufaa maishani. Lakini swali lenyewe liligeuzwa msumari wa kutundikia mzaha. Kicheko kilipokwisha, wangapi walikumbuka jibu sahihi?

Mizani bora zaidi, kwa maoni yetu, ilipatikana katika Call My Bluff ya BBC, iliyoanza mwaka 1965. Makundi mawili ya watu watatu yalishindana, na kwa muda mrefu viongozi wake walikuwa waandishi wachekeshaji Frank Muir na Patrick Campbell. Neno geni la Kiingereza lilitajwa. Kundi moja likatoa maana tatu, moja ya kweli na mbili za uongo, nalo kundi la pili likachagua. Hapa usanii wote wa mchekeshaji, yaani sauti, utulivu wa uso na ufundi wa kubuni, ulilitumikia neno. Ili uongo ukubalike, ulipaswa kufuata mantiki ya lugha. Mtazamaji alicheka na akaondoka na neno.

Utamaduni wetu una kipimo chake cha mambo haya, nacho ni kitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Mtegaji akisema nyumba yake haina mlango, kila aliyepo anaruhusiwa kujibu, hapana mashuhuri wala mtazamaji mtupu. Wakishindwa, mtegaji huomba apewe mji, na akishaupokea hulitoa jibu: yai. Jibu likitajwa, hujithibitisha lenyewe. Halihitaji cheo cha aliyelitamka. Naye aliyeshindwa hupoteza mji wa maneno tu, akapata maarifa ambayo kesho atawatega wenzake.

Huenda msomaji akasema kwamba tunaubebesha mchezo mzigo usio wake. Lakini televisheni ilifika Zanzibar katika miaka ya 1970, Tanzania Bara ikapata kituo chake mwaka 1994, na leo vijana wanaitazama michezo ya aina hii hata kwenye simu. Kijana azoeaye kuona uso maarufu ukikaa mahali pa mwenye elimu, kesho atamwuliza mwimbaji juu ya dawa na mcheza mpira juu ya sheria, naye atayaamini majibu yao kwa sababu tu sura anaijua.

Yafaa basi walimu wawazoeze wanafunzi kuihoji michezo hii kwa maswali matatu. Je, ni nani hapa mwenye elimu ya jambo linaloulizwa? Je, kilicho maigizo kimetajwa kuwa ni maigizo? Je, anayeshindwa huondoka na nini? Baada ya hapo, na wajaribu wenyewe. Wagawanyike makundi mawili, wachague neno gumu katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, watunge maana mbili za uongo kando ya ile ya kweli, kisha wenzao wachague. Atakayetaka kuwadanganya wenzake kwa ufundi itambidi kwanza alijue neno lenyewe barabara.