Mgema wa Dabaso

Wahenga walionya kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wa Dabaso nitamsifu hata hivyo. Alfajiri, kotama kiunoni na kibuyu ubavuni, anaukwea mnazi kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina. Kileleni anakata ncha ya karara, kipande chembamba kama ukucha: akizidisha, karara linaharibika, akipunguza, utomvu haudondoki. Jioni anakwea tena.

Ulaya na Marekani baadhi ya bia nyeusi hulazwa miezi katika mapipa yaliyokuwa na wiski ili ikolee. Lakini mnazi, pombe ya utomvu huo, haungoji. Asubuhi mtamu, jioni mkali, ukilala siku kadhaa ni siki. Kwa hiyo mgema hana likizo, na Mgiriama wa Dabaso anayekwenda kuposa kwa mnazi anamtegemea yeye kwanza.