Kutwaa na Kuchukua: Maombolezo katika Wimbo wa Sufjan Stevens na katika Muziki wa Filamu ya The Mission

Kazi mbili za muziki tunazotaka kuzipima katika makala haya hazikutungwa kwa ajili ya ibada, wala watungaji wake hawakutumwa na kanisa lolote. Ya kwanza ni wimbo uitwao Casimir Pulaski Day, wake Mmarekani Sufjan Stevens, uliomo katika albamu yake ya Illinois ya mwaka 2005. Ya pili ni muziki wa filamu ya The Mission ya mwaka 1986, uliotungwa na Mwitalia Ennio Morricone, aliyefariki mjini Roma mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 91. Twaziweka pamoja kwa sababu kila moja yasimama mbele ya kifo ambacho maombi hayakukizuia, na kila moja yakijibu kwa njia yake. Mchungaji ambaye hupita juma moja tu bila kuzika, kisha akaitwa tena, hana budi kuijua tofauti ya majibu hayo.

Stevens alizaliwa Detroit mwaka 1975. Ni wa kundi la waimbaji wanaozitumia ala na mtindo wa nyimbo za asili za vijijini Marekani, lakini hawafungwi na makampuni makubwa ya muziki. Albamu zake zimetolewa na kampuni ndogo aliyoianzisha pamoja na baba yake wa kambo. Imani yake ya Kikristo haifichi, ila hakuingia katika soko lile la muziki wa injili la nchini mwake, ambamo kila wimbo hutazamiwa umalizike kwa ushindi. Jambo hili ni la kuzingatia. Wimbo tunaoujadili usingeweza kupata nafasi katika soko hilo.

Habari yenyewe ni nyepesi kusimulia. Kijana mmoja ampenda msichana ambaye ana saratani ya mifupa. Ampelekea maua. Wenzao wa kikundi cha kujifunza Biblia wakutana jioni ya Jumanne, wamwekea mikono mgonjwa na kumwombea, na halitokei lo lote. Kati ya vijana hao wawili mna mapenzi yenye haya na hatia, na baba wa msichana aja kuyatambua. Msichana afa asubuhi ya siku ya kwanza ya Machi, siku ya mapumziko ambayo jimbo la Illinois humkumbuka Casimir Pulaski, askari wa Kipolandi aliyekufa mwaka 1779 akipigania uhuru wa Marekani. Shujaa huyo hana uhusiano wowote na msichana, na hapo ndipo ulipo uchungu wa jina la wimbo. Kila aliyefiwa ajua jinsi kalenda isivyomjali mtu: shule zimefungwa kwa sababu ya mwingine, na wako ndiye aliyekufa.

Ala ni gitaa, banjo na tarumbeta. Sauti ya mwimbaji ni ndogo, karibu ya mnong'ono, wala haipandi hata pale ambapo sisi tungetazamia ipande. Sauti ya maombi, ya mapenzi ya siri, na ya muuguzi anayeingia na habari mbaya ni ile ile moja. Wako wasikilizaji watakaosema kwamba mwimbaji amepoa, hana hisia. Sisi twaona kinyume. Mtu aliyepigwa hasa husimulia hivyo, akitaja vitu vidogo: kamba za viatu zilizokuwa hazijafungwa, ndege mwekundu aliyegonga kioo cha dirisha. Kati ya beti huingia tarumbeta pamoja na sauti zisizo na maneno. Sisi Walutheri wa Tanzania ya kaskazini, ambao tumezoea kusikia tarumbeta za usharika zikimsindikiza marehemu hadi kaburini, hatuhitaji kufafanuliwa maana ya ala hiyo mahali hapo.

Uzito wa wimbo umo katika ubeti wa mwisho. Mwimbaji ataja utukufu wa Mungu na uso wa Kristo, ataja pia kwamba Kristo alikitwaa cheo chetu, yaani alikaa mahali petu. Kisha kitenzi hicho hicho kinarudi, mara hii kwa habari ya Mungu anayetwaa, na kutwaa tena, na kutwaa tena. Wimbo waishia hapo. Katika Kiingereza neno ni moja kwa kazi zote mbili. Biblia yetu ya Kiswahili imeyatenga: katika Isaya 53:4 Mtumishi wa Bwana huchukua masikitiko yetu, lakini katika Ayubu 1:21 Bwana hutwaa, na ndilo neno ambalo matangazo yetu ya misiba yamelishika hata leo. Utengano huo unatusaidia kuhubiri kwa usafi, maana twaweza kusema juu ya Kristo aliyechukua bila kumkumbusha mfiwa Mungu aliyetwaa. Stevens hataki usafi huo. Ayafunga mambo hayo mawili kwa kamba moja, atulazimishe kuuliza kama ni mkono mmoja au mikono miwili.

Tena, Ayubu katika aya ile alisema mambo matatu: Bwana alitoa, Bwana alitwaa, na jina lake lisifiwe. Stevens amechukua la katikati peke yake akalirudia. Je, huku ni kukufuru? Twajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu watasema ndiyo, na hoja yao si ya kudharauliwa, kwa kuwa sala isiyofika kwenye sifa yaonekana kukatika. Lakini Zaburi ya 88 nayo imekatika. Inamwita Mungu wa wokovu katika mstari wake wa kwanza, na katika wa mwisho imebaki gizani, bila neno la kuitengeneza. Waliokusanya Zaburi hawakuiondoa, wala hawakuiongezea mstari wa faraja. Nasi twapaswa kukumbuka kwamba Ayubu mwenyewe, baada ya sentensi ile njema ya sura ya 1, aliilaani siku yake katika sura ya 3. Mazishini mwetu sura ya 1 husomwa mara nyingi mno. Sura ya 3 hatukumbuki kuisikia ikisomwa hata mara moja.

Luther alilijua jambo hili nyumbani mwake. Binti yake Magdalena alifariki mwezi wa Septemba mwaka 1542, akiwa na umri wa miaka 13. Siku chache baadaye alimwandikia rafiki yake Justus Jonas, akikiri kwamba yeye na Katharina iliwapasa kushukuru kwa ajili ya kufa kwake kwema, lakini upendo wa mzazi ulikuwa na nguvu kiasi kwamba hawakuweza bila kulia na kuugua. Mtu aliyekuwa amefundisha kwa miaka mingi habari ya kifo cha Mkristo alishindwa kuitamka shukrani, akaandika kwamba ameshindwa. Katika hoja ya 21 ya mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518 alikuwa amefundisha kwamba mwanateolojia wa msalaba hulitaja jambo kwa jina lake halisi. Barua ile ya mwaka 1542 ni hoja hiyo hiyo ikiwa imevaa mwili.

Sasa tuutazame muziki wa Morricone. Filamu ya The Mission iliongozwa na Roland Joffé kwa mchezo ulioandikwa na Robert Bolt, ikapata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1986. Yahusu misheni za Wajesuiti kati ya Waguarani wa Amerika ya Kusini, na Mkataba wa Madrid wa mwaka 1750, ambao kwa huo Hispania iliiachia Ureno nchi iliyokuwa na misheni kadhaa. Filamu imebadili mambo mengi ya historia, nasi hatutayafuata yote hapa.

Padre Gabriel, anayeigizwa na Jeremy Irons, apanda maporomoko ambayo mtangulizi wake alitupwa akiwa amefungwa msalabani. Afika msituni, aketi juu ya jiwe, atoa obo yake na kuipuliza. Obo ni ndugu wa nzumari wa pwani yetu, kwa maana zote mbili huvumishwa kwa matete mawili yanayotetemeka pamoja midomoni mwa mpigaji. Waguarani wamzunguka wakiwa na silaha. Mmoja aivunja obo na kuitupa majini. Mwingine aiokota, ajaribu kuiunga, kisha amshika padre mkono. Muziki umehubiri kabla ya maneno. Luther, ambaye katika dibaji aliyomwandikia Georg Rhau mwaka 1538 aliuweka muziki karibu kabisa na Neno la Mungu, angefurahia sehemu hiyo ya filamu, ingawa asingewafurahia Wajesuiti.

Morricone alijiwekea masharti matatu. Obo ipige kwa madoido ya Ulaya ya karne ya 18; kwaya iimbe kwa namna ya muziki wa kanisa uliofuata Mtaguso wa Trento; na Waguarani wawe na mdundo na sauti zao. Kisha akafanya hesabu ngumu: nyimbo hizo tatu zilitungwa kwa jinsi ambayo zingeweza kupigwa zote kwa wakati mmoja, na hivyo ndivyo zinavyosikika katika kipande kiitwacho On Earth as It Is in Heaven, jina lililotwaliwa kutoka Sala ya Bwana. Hakuna sauti inayoimeza nyingine. Ngoma haikugeuzwa kuwa pambo la kwaya. Kwa ustadi wa utunzi twakubali bila kusita kwamba ni mojawapo ya kazi bora za muziki wa filamu za karne iliyopita. Iliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar na haikuipata. Wapenzi wa Morricone walinung'unika kwa miaka mingi.

Hata hivyo tuna shaka, nayo si ndogo. Umoja huo wa sauti tatu haukupata kuwako duniani. Waguarani walipopigania nchi yao kati ya mwaka 1754 na 1756 walishindwa, na katika filamu misheni yachomwa moto. Gabriel auawa akiibeba Sakramenti mbele ya watu wake wasio na silaha. Mendoza, mfanya biashara ya watumwa aliyetubu, auawa akiwa na upanga. Wakati hayo yakitendeka, kwaya ni nzuri mno. Mtazamaji hulia, na kulia kwake ni kutamu. Twauliza kama mtu aliyelia hivyo amewalilia Waguarani, au ameulilia uzuri. Muziki umefika mbinguni ilhali miili ingali majini. Tena wimbo wa obo umekwisha kutolewa msituni: mwaka 1998 Sarah Brightman aliuimba ukiwa umetiwa maneno ya Kiitalia, na tangu hapo wasikika arusini. Bibi arusi hana kosa. Lakini wimbo unaoweza kuhamishwa kwa urahisi hivyo, kutoka maporomoko ya wafia dini hadi ukumbi wa karamu, ulikuwa tangu mwanzo na wepesi fulani ndani yake.

Kuna mahali pamoja ambapo filamu yajisahihisha. Karibu na mwisho, watoto wachache waliosalia wapita mtoni kwa mtumbwi. Msichana mdogo aona vitu vya misheni vikielea. Aacha kinara cha mishumaa, aokota fidla. Haipigi. Ndipo yaja maandishi ya Yohana 1:5. Laiti Morricone angaliandika vingine vyote kwa kiasi cha fidla ile iliyo kimya, tungalikuwa na muziki mdogo zaidi na ushuhuda mkubwa zaidi.

Kwa wanafunzi watakaokwenda kufanya mazoezi usharikani, twapendekeza kazi hizi mbili zisikilizwe katika darasa moja, muziki wa Morricone kwanza, wimbo wa Stevens baadaye. Mpango wa kinyume hauwezekani: baada ya kwaya ile, sikio hupenda kubaki juu, na darasa litatoka likiwa limefarijika kabla ya kujua ni nani aliyekufa. Wimbo wa Stevens una chini ya dakika sita. Maneno yake yakiisha ala huendelea kwa muda kidogo, na mwalimu asizime redio mapema.