Nyumba ya Mama na Nyumba ya Ramani

Wahakiki wetu wamezoea kuzitazama ngoma, vinyago, mashairi na maigizo. Nyumba husahauliwa, ilhali nayo ni kazi ya sanaa, tena sanaa ambayo watu huzaliwa, huoana na kuzeeka ndani yake. Kwa sababu hiyo yafaa tuzihakiki nyumba walizojengewa wafugaji wa Kimasai waliohamia kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, kutoka Ngorongoro, kuanzia mwezi wa Juni, 2022. Kama wote walihama kwa hiari ni jambo lililozusha ubishi mkubwa. Hapa tutaitazama nyumba yenyewe.

Tuanze na nyumba ya asili, ambayo Wamasai huiita enkaji. Ni nyumba fupi ya kimo, iliyofumwa kwa fito na kukandikwa kwa mavi ya ng'ombe. Fundi wake ni mwanamke. Ndiye afumaye, ndiye akandikaye, na mvua ikinyesha ndiye azibaye panapovuja. Mume hana nyumba yake. Hulala katika nyumba ya mmojawapo wa wake zake. Kila mke ana nyumba yake na mahali pake: mke mkubwa hujenga upande wa kulia wa lango, wa pili upande wa kushoto, na wanaowafuata hupokezana pande hizo. Katikati ya boma hulala ng'ombe, na ndama wachanga hulala ndani pamoja na watu. Hivyo, mwenye kuzijua mila hizi akisimama langoni huisoma familia nzima kama asomavyo ukurasa wa kitabu.

Nyumba ya Msomera ina vyumba vitatu vya kulala, kuta imara na paa la bati. Imejengwa katika kiwanja cha ekari 2.5, na kaya hupewa pia shamba la ekari 5. Sifa zake tusizifiche. Haimdai mama kukandika upya kila masika. Mtu husimama wima ndani yake. Hewa na mwanga hupita madirishani. Anayetaka Mmasai abaki katika moshi ili watalii wapate picha hautetei utamaduni hata kidogo.

Dosari iko katika ramani. Mchoraji aliwaza baba, mama na watoto chini ya paa moja. Familia yenye wake watatu ikiingia humo, kila mama hupata chumba badala ya nyumba. Kulia na kushoto kwa lango hakuna maana tena, na ndama hana pa kulala. Zaidi ya hayo, yule aliyekuwa fundi na mwenye nyumba sasa hukabidhiwa kazi ya watu wengine. Na hati ikiandikwa kwa jina la mkuu wa kaya peke yake, mama huwa mgeni katika nyumba ya mumewe. Wamasai walipoondolewa Serengeti mwaka 1959, ujuzi wa mama ulihama naye, akajenga upya huko Ngorongoro. Safari hii ujuzi huo haukuitwa kazini.

Je, tuchague kati ya bati na mila? La hasha. Bati si adui wa mila, wala udongo peke yake si mila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Basi jina lake liandikwe katika hati. Ekari 2.5 zatosha kuweka lango, zizi, na nyumba ndogo imara kwa kila mama, ilimradi mchoraji akae kwanza na akina mama na kuwauliza jinsi wanavyojenga. Wao ni wasanifu wa tangu zamani, na hakuna shule iliyopata kuwafundisha ufundi huo isipokuwa mama zao.

Taifa linalowajengea watu wake nyumba hufanya jambo jema. Likiwajengea pamoja nao, hufanya utamaduni.