Namba ya NIDA huchapwa mara moja

Msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ukifika, steshenari za Dar es Salaam hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Mhudumu anamjazia mteja mmoja fomu mbili tatu, na kila fomu inauliza yale yale: namba ya NIDA, namba ya mtihani wa kidato cha nne, simu, anwani. Kijana niliyemtazama akiifanya kazi hii huchapa namba ya NIDA mara moja tu, kwenye Notepad. Huzilinganisha tarakimu zote 20 na kadi aliyoishika, huchapa na taarifa nyingine zilizobaki, kisha hanyanyui tena kadi.

Kukopi na kupesti kwa kawaida kusingemtosha. Ubao wa kunakili wa Windows hubeba kitu kimoja: ukinakili simu, NIDA imeshaondoka, na unabaki kwenda na kurudi kati ya Notepad na fomu. Yeye amewasha historia ya ubao, iliyokuja na toleo la Windows 10 la mwaka 2018. Hunakili zote mfululizo, huingia kwenye fomu, na kila kisanduku hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, mshale, Enter. Orodha hiyo inashika vitu 25. Anayetaka vingi zaidi, au kutafuta kwa kuandika herufi chache, atumie Ditto, ambayo ni ya bure.

Siri yenyewe si kubwa. Programu kama Ditto hujiandikisha kwa Windows ili ijulishwe kila ubao unapobadilika, nayo hujiwekea nakala. Ukichagua cha zamani, inakirudisha ubaoni na kukubonyezea Ctrl+V. Ubao ungali na nafasi ile ile moja, na fomu haijui kama kuna kilichobadilika, ndiyo maana mbinu hii haichagui tovuti, mradi inakubali kupesti.

Kilichonivutia zaidi ni anachokipini. Lipa Namba ya duka, postikodi ya mtaa na ule ujumbe wa kumwambia mteja maombi yamepokelewa, vyote amevipini. Vya mteja hapini hata kimoja. Mteja akilipa tu, anafungua orodha na kubonyeza kitufe cha kufuta vyote. Vilivyopiniwa vinabaki, vingine vinakwenda. Wahudumu wengi hupini kila kitu kwa kuona ni haraka, na kilichopiniwa hakiondoki hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Hapo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria kuna hasara ya papo hapo. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, ikianza na mwaka. Waombaji wa chuo ni marika. Namba zao kwenye orodha zinaanza kwa kufanana, na mhudumu aliyechoka saa kumi jioni atabandika ya Asha kwenye fomu ya Juma.

Excel nayo ina mtego wake. Duka linaloweka kumbukumbu za wateja humo likibandika NIDA isiyo na vistari, Excel inaichukulia kuwa hesabu: inashika tarakimu 15, tano za mwisho zinageuka sifuri. Simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri ya mbele. Safu iwekwe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika. Ukiiweka baadaye, tarakimu zilizopotea hazirudi.

Nywila ndizo ningemkataza kuzipitisha huko kabisa. KeePass, programu ya kutunza nywila, ikinakili nywila huiambia Windows isiiweke kwenye historia. Notepad haina adabu hiyo: nywila ya akaunti ya mwombaji ikinakiliwa kutoka humo, inakaa kwenye orodha wazi, isomwe na yeyote atakayebonyeza Windows na V mhudumu akiwa ameinuka kwenda kutoa fotokopi.