Ile Orodha ya Wanasayansi Wakatoliki

Kuna ile orodha huzunguka kwenye WhatsApp za parokia kila baada ya miezi kadhaa. Mendel na njegere zake. Lemaître na mwanzo wa ulimwengu. Majina ni ya kweli, lakini uandishi wenyewe ni mvivu. Unaonyeshwa kanzu, unaonyeshwa uvumbuzi, halafu unaachiwa kazi ya kuunganisha. Imani ilifanya nini hasa pale maabara? Haisemi.

Na haina mtu wa hapa kwetu. Panda matatu ya Karen pale tao, utafika mtaa yalipo makao ya Nyumbani, ambayo Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti, daktari wa upasuaji na wa magonjwa ya akili, aliyafungua mwaka 1992, kwa ajili ya watoto wenye virusi vya Ukimwi waliokosa wa kuwalea. Sasa, kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, na mtoto mchanga anaweza kubeba kingamwili za mamake hadi karibu miezi 18. Kwa hivyo kipimo kinasema anavyo, kumbe hana. Wengi wa watoto wale hawakuwa navyo. Lakini kujua ni yupi, ilibidi umpe maziwa, umkeshee akiugua, umpime tena. Miezi hiyo ya kungoja ndiyo ninayoiita imani yake. Jibu aliliachia damu. Baadaye, 2001, alipigania dawa nafuu za India ziingie nchini, na 2004 Nyumbani ikaenda kortini kwa sababu shule za umma zilikuwa zikiwakataa watoto wake.

Halafu kuna 2014, ambayo hakuna orodha huitaja. Maaskofu walipinga chanjo ya pepopunda ya wanawake wa miaka 14 hadi 49, wakisema ina homoni ya kuzuia uzazi. Madaktari Wakatoliki walisimama nao, karatasi za maabara mkononi. WHO na UNICEF wakajibu kwamba vipimo hivyo ni vya damu na mkojo wa binadamu, si vya chanjo. Woga haukutoka hewani, tuseme ukweli: 2012 ripoti ilikuwa imekusanya visa vya wanawake Wakenya wenye virusi vya Ukimwi waliofungwa uzazi bila ridhaa. Lakini safari hii jibu lilifika kabla ya kipimo. Na pepopunda yenyewe, inayomwingia mtoto kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, haikuzungumziwa sana.