Mchoraji wa Nyoka na Ukuta Wake

Katika sanaa zote zilizozaliwa Usukuma, nchi inayotanda kusini mwa Ziwa Viktoria, uchoraji wa ukutani wa Bayeye ndio uliosifiwa kidogo mno kuliko stahili yake. Bayeye ni chama cha waganga na wategaji wa nyoka, ambao hujifunza kumkamata nyoka, kutengeneza dawa ya sumu yake, kuchanjana dawa hiyo mwilini na kucheza ngoma nyoka akiwa mikononi. Katika nyumba walimokutania na kuwafundishia wanachama wapya, kuta za ndani zilichorwa watu, wanyama na nyoka kwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu, na asiyekuwa mwanachama hakuruhusiwa kuziona. Jambo hilo peke yake latosha kuutenga uchoraji huo na mwingine mwingi unaotundikwa katika makumbusho ya dunia, kwa kuwa mchoraji wake hakumlenga mpita njia wala mnunuzi, bali mwanafunzi aliyekaa chini akielekezwa, ambaye akilikosea somo lake angeweza kulilipia kwa uhai wake.

Picha iliyofichwa namna hiyo haimfuati mtazamaji, na anayetaka kuijua hana budi kuifunga safari. Kwa wakazi wa Geita na Sengerema safari hiyo huanzia kwenye maji, kwa sababu Ghuba ya Mwanza imeingia ndani ya nchi kavu kati ya Busisi na Kigongo, na kwa miaka mingi hapakuwa na njia fupi ya kuvuka isipokuwa kivuko. Tangu tarehe 19 Juni 2025, siku lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takribani kilomita 3, gari huvuka kwa dakika chache. Wapo wanaosema kwamba kivuko kilikuwa na uzuri wake, ingawa maneno hayo husikika zaidi kwa watu ambao hawakuwahi kukaa foleni na mgonjwa ndani ya gari. Kutoka Kigongo, wilayani Misungwi, barabara hufika Usagara, na hapo msafiri anaweza kuuacha mji wa Mwanza kushoto kwake akafuata njia ya mchepuko hadi Kisesa, ambako kilima cha Bujora kimebeba Makumbusho ya Wasukuma.

Makumbusho hayo yalianzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadri Weupe, akishirikiana na Wasukuma wenyewe. Ubora wake hauko katika wingi wa vitu vilivyomo. Makumbusho mengi hukusanya vitu vya kila namna ndani ya jengo moja la kigeni na kuvifungia kwenye makabati ya vioo, hali Bujora jengo lenyewe ni sehemu ya maonyesho: banda la watemi, yaani watawala wa jadi, limejengwa kwa umbo la kigoda cha enzi, na kanisa lililo jirani limefuata umbo la msonge, nyumba ya mviringo yenye paa lililochongoka. Mgeni huanza kufundishwa umbo kabla hajaonyeshwa ngoma wala mkuki, na kwa anayetaka kuelewa uchoraji wa ukutani hakuna maandalizi mazuri kuliko hayo, kwa sababu picha za Bayeye nazo zilikuwa sehemu ya nyumba wala hazikutundikwa juu yake kama pambo.

Ufundi wenyewe ulianza na ukuta. Ukuta wa miti na udongo hukandikwa, yaani hupakwa tope laini kwa kiganja, mara nyingi likiwa limechanganywa na samadi ya ng'ombe ili lisipasuke linapokauka, na alama za vidole hubaki zikionekana kama mawimbi madogo. Uso wa aina hiyo hunywa rangi papo hapo na haumsamehe mwenye mkono wa kusitasita, maana mstari uliokwisha kupita haufutiki bila kubandua udongo. Rangi nazo zilikuwa chache, na uchache huo ulimlazimisha mchoraji kuyakata mengi ambayo jicho huyaona shambani, akabaki na yale tu ambayo mwanafunzi hana budi kuyakumbuka.

Tena nyoka ni mtihani wa pekee kwa mchoraji yeyote. Simba anaweza kutambulika kwa manyoya ya shingoni na tembo kwa mkonga, hata kama aliyewachora hajui kazi, lakini nyoka hana miguu, hana mabega wala masikio. Yeye mwenyewe ni mstari, na mstari ukiharibika hakuna kinachosalia. Kifutu ni mfupi mnene ambaye mkia wake hukatika ghafla, na hatari yake kubwa ni tabia ya kulala kimya njiani hadi akanyagwe. Swila huinua shingo na kuitanua, na wengine wa jamii yake hutema sumu wakilenga macho. Koboko ni mrefu, mwembamba na mwepesi kuliko wote. Mwenye rangi tatu tu hawezi kuwatofautisha kwa ngozi zao, hivyo tofauti zote lazima ziingie katika unene wa mstari, katika mkunjo wake na katika namna kichwa kinavyoungana na shingo. Watu waliozoea picha za kamera huuita uchoraji wa namna hii kuwa wa kitoto, na hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwa kuwa mtoto huchora asichokijua, ilhali mchoraji wa Bayeye alichora kiumbe alichokuwa amekishika kwa mkono wake.

Mtu aliyezitoa picha hizo nje ya nyumba zao ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mwanasosiolojia wa serikali ya kikoloni Tanganyika, ambaye mwaka 1953 alichapisha huko London kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya waganga wa nyoka. Shukrani anazostahili ni kubwa, kwani ukuta wa udongo una maadui watatu wasiochoka, yaani mvua, mchwa na mwenye nyumba anayeukandika upya, na bila kitabu hicho sehemu kubwa ya sanaa hiyo ingejulikana kwa masimulizi tu. Hata hivyo ukurasa umepunguza mengi. Umbo lililomzunguka mtazamaji pande zote limekuwa dogo la kufunikwa kwa kiganja, mwanga hafifu wa ndani ya nyumba umegeuka weupe wa karatasi, na sauti ya mwalimu aliyekuwa akieleza kila umbo haimo. Nyaraka za Cory zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo mkazi wa Kigongo anayetaka kuzipekua lazima asafiri nchi nzima ili asome habari za kuta zilizosimama kwao.

Hali hiyo hueleweka vizuri zaidi ikitazamwa pamoja na ile ya Edward Saidi Tingatinga, mchoraji ambaye jina lake Watanzania wengi hulitaja kwa mapenzi. Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ya aina ya kupakia baiskeli, juu ya mbao nyembamba za dari, na alipouawa kwa risasi mwaka 1972 alikuwa ameacha wanafunzi walioueneza mtindo wake. Naye alipenda mnyama mmoja mkubwa, rangi chache na mstari usioyumba. Tofauti ni kwamba ubao hubebeka, hivyo picha yake iliuzwa, ikapanda ndege na kumpa mchoraji wake jina, na ukuta haubebeki. Hakuna sababu ya kumwona Tingatinga kuwa fundi mkubwa kuliko wale wa Usukuma kwa vile tu saini yake inasomeka.

Kinachobaki ni swali la wakati wa kwenda. Mwezi Juni, mavuno yakiwa yamekwisha, Bujora huwa na Bulabo, sherehe zinazofungamana na sikukuu ya Ekaristi, ambamo vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagalu na Bagika, hushindana kuvuta watazamaji, na kila upande hutumia mbinu zote ulizonazo, nyoka wakiwa miongoni mwake. Anayevuka Kigongo katika miezi mingine ataona majengo na vitu. Anayevuka wakati huo ataona pia jinsi chatu anavyojikunja kwenye mkono wa mchezaji, mahali mwili unaponenepa na mahali unapobanwa, na akizifungua baadaye nakala za Cory atakuwa na kipimo cha kuupimia mkono wa mchoraji.