Daftari Kwanza, Jalada Baadaye: Namna ya Kuupima Utafiti wa Mwanafunzi

Miongoni mwa mambo wanayoshauriwa kuyatenda vijana wa sekondari wa Gisenyi, Rwanda, wanaotaraji kupata nafasi na ufadhili katika vyuo vya Marekani, hakuna lililovuma siku hizi kuliko kufanya utafiti wa binafsi. Na kwa kuwa kitu kikishavuma hakikosi bandia zake, walimu, wazazi na watu wengine wenye cheo ambao huombwa kuwaandikia vijana hao barua za ithibati hujikuta wamekabidhiwa kitabu chenye jalada la kung'aa, michoro ya rangi na orodha ndefu ya marejeo, wasijue kama ni kazi ya kusifiwa au ya kurudishwa kwa mwenyewe. Hao ndio niliowakusudia katika mwongozo huu, na shauri langu la awali ni kwamba jalada liachwe mezani na liombwe daftari.

Daftari la mtafiti wa kweli halipendezi machoni. Lina tarehe na saa, lina kurasa zilizokunjamana kwa maji, lina wino uliogeuka katikati ya jedwali kwa kuwa kalamu ya asubuhi ilikwisha, na aghalabu lina siku kadhaa zilizoachwa tupu pamoja na sababu ya utupu wake. Tuseme binti wa mwaka wa tano, mkazi wa upande wa Mahoko, ameazimia kujua mto Sebeya huteremsha tope kiasi gani baada ya mvua, jambo lisilo la mzaha kwa watu waliouona mto huo ukiwaingilia majumbani usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, katika mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao wa jimbo la Magharibi. Vyombo vyake ni chupa za soda za plastiki, kamba na rula. Huteka maji mahali pamoja na kwa kina kimoja, huiacha chupa itulie siku nzima hadi maji yatakate, kisha hupima kwa milimita unene wa tope lililotuama. Mpimaji wa kazi hii na ainame juu ya chupa yenyewe. Je, rula inaanza kuhesabu ukingoni, au, kama rula nyingi za shule, imeacha nafasi kabla ya alama ya sufuri? Na kitako cha chupa ya soda, ambacho hakiko bapa ila kina mabonde matano yanayomeza tope la kwanza lisionekane katika kipimo, kimehesabiwaje? Binti aliyekutana na mabonde hayo, akaandika pembeni kwamba tangu siku fulani amehamia kwenye gilasi yenye kitako bapa, na kwamba kwa sababu hiyo vipimo vya wiki ya kwanza havilinganishiki na vilivyofuata, ameonyesha kitu ambacho hakuna ripoti ya kununuliwa iwezayo kukionyesha, na mimi kwa upande wangu ningempa alama nyingi kabla sijafika kwenye hitimisho lake.

Kuna kasoro zisizoonekana ila kwa mtu aijuaye ardhi na maji ya mahali. Chukua sambaza, samaki ambao hawakuumbiwa ziwa Kivu ila waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, na ambao leo ndio riziki ya wavuvi wanaotoka Nyamyumba jioni kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwa zimetangulizwa mbele. Kila mwaka serikali hufunga uvuvi kwa muda ili samaki wazaane, na kwa hiyo ni swali zuri, tena lenye manufaa, kuuliza kama mavuno huongezeka baada ya kufunguliwa. Kijana mwenye haraka atapima mavuno ya wiki moja kabla ya kufungwa na ya wiki moja baada ya kufunguliwa, atatoa wastani, na atatangaza ushindi. Walakini mvuvi yeyote atamwambia kwamba usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki kama zinavyowavuta katika giza. Basi iwapo wiki moja iliangukia mwezi mpevu na nyingine mwezi mwandamo, alichokipima ni mwezi, na sheria ya uvuvi haikuguswa kabisa. Kwa hiyo mimi huitafuta kwanza safu ya siku za mwezi katika jedwali, kisha huuliza kama samaki walipimwa wakiwa wanachuruzika maji, na kama ndoo ilitolewa katika uzito. Pasipo safu hiyo, urembo wote wa takwimu uliofuata ni kazi bure. Na ikiwapo, nitataka pia kuona limeandikwa jina la mvuvi aliyemfumbulia macho, maana elimu ya kuazima hurudishwa kwa mwenyewe kwa shukrani.

Vijana wa hapa hupenda sana kuandika juu ya gesi ya ziwa, na sishangai, kwa kuwa wamezaliwa kando ya maji yanayokadiriwa kuficha kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za hewa ya kaboni, na wanajua kwamba kule Karongi mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiigeuza gesi hiyo kuwa umeme wa megawati 26 tangu mwaka 2016. Lakini sehemu kubwa ya gesi hiyo hulala chini ya mita 250 na ushei, na kijana asiyeweza kuteremsha kamba hata ya mita 20 hana ushahidi wake mwenyewe juu yake. Atakachoandika kitakuwa muhtasari wa maandishi ya wengine, kazi ya heshima kama itaitwa kwa jina lake, na hadaa kama itaitwa ugunduzi. Kinyume chake, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 na matetemeko kuzipasua nyumba za mji huu, mwanafunzi mwenye penseli tu angeweza kutia alama kwenye ncha ya kila ufa wa mtaa mmoja, aandike tarehe, arudi baada ya mwezi kuona kama ufa umeipita alama yake, na abainishe kuta za matofali ya udongo, za bloku na za mawe meusi ya volkano. Swali dogo ambalo chombo chako kinalitosha lina thamani kuliko swali la kutisha linalokielemea.

Swali dogo la namna hiyo lina mfano wake: mwaka ule ule wa 1963 ilipoanza kuchimbwa gesi ya Kivu pale Rubona kwa ajili ya kiwanda cha bia, huko Tanganyika mwanafunzi wa sekondari ya Magamba aitwaye Erasto Mpemba, alipokuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, alitia katika jokofu maziwa yangali moto na akaona yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza mhadhiri mgeni kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, na wenzake wakacheka. Osborne akaenda kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakalichapisha pamoja. Ninalolistaajabia katika kisa hiki, kuliko ule ujasiri unaosifiwa na kila mtu, ni namna swali lilivyokatwa: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya kiasi kimoja, kimoja chenye nyuzijoto 35 na kingine 100. Lilikuwa swali ambalo mtu mwingine angeweza kulirudia jikoni kwake na kumpinga. Na wamempinga, kwani mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walionyesha kwamba kipimajoto kikiwekwa juu au chini kwa sentimita moja tu chaweza kuzua tofauti isiyokuwapo. Mabishano hayo hayajaipunguzia kazi ya Mpemba hadhi hata chembe, na anayempima mwanafunzi asimdai kuwa sahihi. Amdai kuwa wazi.

Ama kuhusu mkono wa mtu mzima, zipo taasisi za ng'ambo zinazowauzia wazazi uongozi wa mtaalamu pamoja na ahadi ya kuchapishwa jaridani, kwa maelfu ya dola, na mkono huo hutambulika bila shida. Mkalishe kijana, mwulize ni vipimo gani alivyovitupa na kwa nini. Aliyefanya kazi atajibu mpaka chai ipoe. Aliyefanyiwa atakusomea hitimisho. Ikiwa aliwahoji akina mama wanaovuka na mboga pale mpakani Petite Barrière, uliza alikaa wapi nao, aliwaomba ruhusa kwa maneno gani, na hojaji ilikuwa katika lugha gani, maana hojaji ya Kiingereza mbele ya mchuuzi wa nyanya imeandikwa kwa ajili ya msomaji wa mbali.

Wingi wa kurasa haumfai kijana kitu, kwani fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani humpa mwombaji nafasi 10 tu za shughuli zake, kila moja ikielezwa kwa herufi 150, na insha isiyozidi maneno 650. Akishindwa kusema katika herufi hizo alipima nini, mara ngapi, na akaona nini, hajakielewa bado alichokifanya, na arudi kwenye daftari.

Nawe mwalimu utakapoketi kuandika barua, yaache maneno ya bidii, nidhamu na kipaji, ambayo msomaji wa barua hizo ameyasoma hadi yamekuwa maji. Taja chombo alichotumia, taja tarehe uliyomkuta nacho, na taja jambo moja alilolibadili baada ya kuona kwamba njia yake ya kwanza haifai. Kama hulijui jambo hilo, usiandike kwanza. Mwite aje nalo daftari lake.